Hivi inakuwaje mwanajimnastiki anaanguka chini kabisa na bado anamshinda ambaye hakuanguka? Naomba kueleweshwa

#1 Msasa Laini
Wakuu habari zenu.
Jana usiku nilikaa naangalia marudio ya jimnastiki ya wanawake, ile wanakuja na mbio wanapiga mikono kwenye kimeza wanaruka (wenyewe wanaita volti). Akaja dada mmoja karuka juu sana, kajizungusha mpaka nikapoteza hesabu, katua miguu ikamshinda kakaa chini kabisa, matako na mikono yote kwenye godoro. Kapewa 13.7. Akaja mwingine karuka safi, katua kama msumari hata unyayo haukusogea, ukumbi mzima unapiga makofi. Kapewa 13.5.
Nimerudisha nyuma mara tatu nikidhani nimesoma vibaya. Mimi nimekua najua jimnastiki mwisho ni 10, ukipata 10 umemaliza kila kitu. Sasa hizi 13 na 14 zimetoka wapi, na ni kanuni gani inayomlipa mtu aliyeanguka kuliko aliyesimama?
Naomba anayejua anieleze taratibu maana roho inaniuma kwa ajili ya yule wa pili.

#2 Shuwari
Nakaa hapa pembeni nasubiri wataalamu, hili swali ninalo tangu Olimpiki ya Rio.

#3 Jaji wa Mtaa
Mkuu Msasa, wala hujasoma vibaya.

Ile 10 ya mwisho ilifutwa kimataifa 2006, alama siku hizi ni mbili zinajumlishwa. Ya kwanza inaitwa D, ni ugumu wa ulichokifanya. Ya pili inaitwa E, ni usafi wa ulivyokifanya. D inaanzia sifuri inapanda, haina dari. E inaanzia 10 inashuka, kila kosa linang'oa kipande. Kosa dogo 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0 nzima.

Sasa chukua kalamu. Kwenye volti kila mruko una bei yake kwenye kitabu. Kwa kanuni za mzunguko wa Olimpiki ya Paris 2024, mruko unaoitwa Yurchenko wa kunyoosha mwili na kujizungusha mara moja ulikuwa 4.2, ukijizungusha mara mbili 5.0, na kuna mingine ya 5.6 na zaidi. Yule wako aliyesimama tufanye kafanya wa 4.2, usafi kapata 9.3, jumla 13.5. Aliyeanguka tufanye kafanya wa 5.6, kakatwa 1.0 ya kuanguka na vijikosa vingine akabaki na 8.1, jumla 13.7. Basi kashinda.

Lakini angalia hapo hapo, aliyeanguka angekuwa na mruko wa 5.0 tu, na E ile ile 8.1, angepata 13.1 na angeshindwa. Kwahiyo kanuni haisemi kuanguka ni sawa, inasema kuanguka kuna bei na hiyo bei ni 1.0, na kama umemzidi mwenzako ugumu kwa zaidi ya hapo unaweza kuilipa ukabakiwa na chenji.

#4 Kipepeo wa Jioni
Jaji wa Mtaa umetema madini. Lakini mbona 10 bado ipo? Kuna ile video ya yule dada Mmarekani, Katelyn Ohashi, 2019, anacheza floo (zoezi la sakafuni) huku anacheka mwenyewe na wenzake nyuma wanafuatisha, ubao ukaandika 10. Watu wote tuliiona. Sasa mnasema 10 ilifutwa 2006?

#5 Jaji wa Mtaa
Zile ni mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani mkuu, Ohashi alikuwa UCLA. Wale wana kitabu chao na mwisho wao ni 10 mpaka leo. Kimataifa kitabu ni cha FIG, shirikisho la jimnastiki la dunia lenye makao Lausanne Uswisi, na hicho kinapitiwa upya kila baada ya Olimpiki. Hata ugumu wa ile floo ya Ohashi ukiuweka kwenye D ya kimataifa hautakuwa mkubwa. Usafi wake na furaha yake ni kitu kingine.

#6 Bingwa wa Zamani
Vijana mnaongea D na E, sisi tulimuona Nadia Comaneci Moscow 1980 akipata 10 ya kwanza duniani, ubao ukaandika 10.00 dunia ikasimama. Hiyo ndio ilikuwa jimnastiki, mtoto wa miaka 14 anafanya bila kosa.

#7 Nukta Tatu
#6 mzee wangu shikamoo, lakini hapo naomba nirekebishe. Ilikuwa Montreal 1976, tarehe 18 Julai, kwenye baa, yale mapao mawili ya kuning'inia, moja juu moja chini. Na ubao haukuandika 10.00, uliandika 1.00! Ule ubao haukutengenezwa kuonyesha 10, ulikuwa na nafasi ya tarakimu moja kabla ya nukta kwa sababu waliambiwa hakuna atakayefika huko. Watu ukumbini wakachanganyikiwa, mpaka ikatangazwa kuwa hiyo ni kumi. Miaka 14 upo sahihi, na alizipata saba kwenye michezo ile ile. Nellie Kim wa Umoja wa Kisovieti nae alipata zake hapo hapo Montreal.

#8 Bingwa wa Zamani
Marahaba mwanangu. Nimekubali, Montreal. Kumbukumbu imeniyumbisha ila picha ya ule ubao sasa imenirudia. 1.00 kweli.

#9 Kauzu Mpole
Mnaouliza nani aliua 10, jibu ni Athens 2004. Mkorea aliporwa dhahabu mchana kweupe na jaji, akapewa Mmarekani Paul Hamm. Kelele zikawa kubwa ikabidi wabadilishe mfumo mzima. Mwisho wa story.

#10 Nukta Tatu
Mwisho wa story hapana mkuu, story ndo inaanzia hapo.

Yang Tae-young wa Korea Kusini kwenye baa sambamba alihesabiwa kuwa anaanzia 9.9 wakati zoezi lake lilitakiwa lianzie 10 (enzi hizo zoezi lilipewa alama ya kuanzia kwa ugumu wake, mwisho 10, ndipo makosa yanakatwa hapo). Ile 0.1 ndio iliyomuacha na shaba, maana Hamm alikuwa na 57.823 na Yang 57.774, ukiongeza 0.1 Yang anapita. FIG wenyewe walikiri kosa na wakawasimamisha majaji watatu. Rufaa ilipofika mahakama ya michezo CAS ikatupwa, moja ya sababu ni kwamba Wakorea hawakulalamika kwa wakati.

Alafu kuna kipande watu hawakisemi. Video ilivyorudiwa ilionekana Yang alikuwa na vituo vinne vya kuganda kwenye lile zoezi, wakati vinavyoruhusiwa ni vitatu. Hiyo ingemkata 0.2 na hakuna jaji aliyeiona. Kwahiyo ukianza kurekebisha kwa video utarekebisha kosa lipi na kuacha lipi? Ndio maana mimi siwezi kusema "aliporwa" moja kwa moja.

#11 Kauzu Mpole
Sawa nimekuelewa lakini bado naona aliporwa. Kosa la kuanzia ni la majaji na liliandikwa kwenye karatasi. Hilo la vituo vinne lilitafutwa baadae.

#12 Shuwari
Na Nemov je, hamumtaji? Athens hiyo hiyo, baa ya juu. Yule Mrusi aliachia baa mara nyingi anaruka juu yake anaidaka tena, ukumbi ukapagawa, wakampa 9.725. Watu walizomea dakika nzima na nyingine, mashindano yakasimama, majaji wakabadilisha ikawa 9.762. Bado watu wakaendelea kuzomea mpaka Nemov mwenyewe akatoka akawaomba watulie ili anayefuata afanye zoezi lake. Alama inabadilika kwa kuzomewa! Mimi hapo ndipo nilipoona ule mfumo umekufa, suala la Yang lilikuwa msumari tu.

#13 Jaji wa Mtaa
Mimi naona hata Athens isingetokea 10 ingekufa yenyewe. Fikiria, kila mwanamichezo mkubwa alikuwa tayari ana zoezi linaloanzia 10, kwahiyo anayefanya gumu na anayefanya gumu zaidi ya hapo wote wanaanzia sehemu moja. Tofauti yao inabanwa ndani ya 9.7 na 9.8. Jaji akipepesa jicho medali imehama. Tatizo ni dari, mtu mrefu na mrefu zaidi wote wanainama.

#14 Bingwa wa Zamani
Lakini dari ndiyo iliyomfanya mtu wa kawaida aelewe. Mimi nilikuwa sijui jina la mruko hata mmoja ila nikiona 9.9 najua huyu kafanya vizuri sana. Leo mjukuu wangu ananiuliza "babu 14.1 ni nzuri?" sina la kumjibu. Kwenye baa 14.1 ni nini, kwenye bimu (ile mbao nyembamba) ni nini, mwaka huu na mwaka juzi ni tofauti. Mchezo umepoteza lugha yake na watu wake.

#15 Kipepeo wa Jioni
#14 umenena mzee. Hata mimi namba inakuja nasubiri kwanza nione sura ya kocha.

#16 Mama Zuu
Habari zenu nyote. Mimi sio mtaalamu ila binti yangu ana miaka 11 anafanya huu mchezo kwa hiyo nimejifunza kwa machozi.

Mashindano ya watoto ya mwisho alifanya baa. Nilikuwa nimekaa upande, sio mbali. Kila akipanda kusimama kichwa chini miguu juu kwenye ile baa ya juu mimi naona amesimama, mwili umenyooka, vidole vya miguu vimechongoka kama kalamu. Katua, kasogeza kisigino kidogo sana, kanyoosha mikono kawasalimia majaji. Nikasema leo leo. E ikaja 7.6. Nililia kabla yake.

Nilimfuata mwalimu wake nikamwambia wamemuonea. Akanionyesha video kwenye simu akaisimamisha pale juu, akaweka penseli kwenye skrini iliyosimama wima kabisa. Mwili wa mwanangu ulikuwa umeinama mbali na penseli, hajafika wima. Akanambia ukiwa nje ya digrii 10 kutoka wima unaanza kukatwa, 0.1, ukizidi 0.3, ukizidi sana 0.5, na yeye alifanya hivyo mara tano. Magoti yameachana kidogo, hapo nako wamekata. Ukijumlisha hivyo vidogo vidogo vimezidi kuanguka!

Kwahiyo ndugu Msasa yule wako "aliyesimama" usiangalie miguu ya kutua tu. Ila na mimi bado nina kinyongo, kuna mtoto mwingine siku ile ile alikuwa mbali zaidi na penseli na alipata 8.4, na alikuwa mtoto wa klabu iliyoandaa mashindano. Sitaitaja.

#17 Kauzu Mpole
Mama Zuu pole. Hukukata rufaa?

#18 Jaji wa Mtaa
Kimataifa E haikatiwi rufaa. Kocha anaruhusiwa kulalamikia D tu, yaani "mruko huu hamkuuhesabu" au "mmeushusha daraja". Analipa ada, akishinda anarudishiwa. Ukisema "mmemkata sana usafi" hakuna wa kukusikiliza. Kinga ya E ni idadi ya majaji: kila mmoja anaandika kivyake, za juu na za chini zinatupwa, zilizobaki za katikati zinatafutiwa wastani. Jaji mmoja mwenye upendeleo anatupwa nje. Wakiwa watatu wenye upendeleo ule ule, hapo kinga imekwisha.

Kwenye mashindano ya watoto mara nyingi majaji wa E ni wawili tu, mimi mwenyewe nimewahi kukaa hivyo. Hakuna cha kutupa, kwahiyo kinyongo chako mama nakielewa.

#19 Tai wa Mstari
Mbona hamjafika Paris? Fainali ya floo 2024 ndio somo zima liko pale. Jordan Chiles wa Marekani alipewa shaba, wakamvua kwa sababu majaji walikosea kumuongezea 0.1.

#20 Nukta Tatu
#19 karibu sahihi ila sio kwa sababu hiyo, na hii tofauti ni ya msingi.

Chiles alikuwa wa mwisho kufanya. Kapewa 13.666, wa tano. Mbele yake Waromania wawili, Ana Bărbosu na Sabrina Maneca-Voinea, wote 13.700, Bărbosu juu kwa sababu usafi wake ulikuwa mkubwa zaidi. Bărbosu akawa anasherehekea na bendera. Kocha wa Chiles akalalamikia mruko mmoja ambao haukuhesabiwa daraja lake, majaji wakaangalia video, wakakubali, 13.766, shaba ikahama. Bărbosu akaacha bendera ikaanguka chini pale pale, nadhani wote tunaikumbuka ile picha.

CAS walipoitwa hawakusema mruko haukustahili 0.1. Walisema malalamiko yaliletwa dakika 1 na sekunde 4 baada ya alama kutoka, na kwa mtu wa mwisho kikomo ni dakika 1. Shaba ikarudi kwa Bărbosu kwa sekunde 4. Wamarekani wakasema wana video inayoonyesha kocha alisema ndani ya muda, wakapeleka mahakama kuu ya Uswisi.

#21 Tai wa Mstari
Asante kwa kunirekebisha. Sasa nieleze na ya Sabrina maana hapo ndo jina langu linatoka. Alikatwa 0.1 kwa kutoka nje ya mstari na ukiangalia picha za video kisigino kiko hewani, hakijagusa nje. Bila ile 0.1 angekuwa 13.800 na hakuna mjadala wa Chiles wala Bărbosu, shaba ni yake. Na timu yake haikulalamikia mstari pale pale, walipofika CAS wakakataliwa. Kwahiyo msichana ambaye labda ndiye alistahili hakuwa hata sehemu ya ugomvi wa watu wote.

#22 Kauzu Mpole
Sheria ni sheria, sekunde 4 ni sekunde 4. Kwenye mbio mtu anakosa medali kwa sehemu ya sekunde hatulii.

#23 Nyangumi Mdogo
Hapana mkuu Kauzu, kwenye mbio sekunde ndio mchezo wenyewe. Hapa sekunde ni za kocha kufungua mdomo. Mwanamichezo anahema pembeni hajui hata kama kuna saa inahesabu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na miaka 15, bimu, ile mbao ya upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 5. Nilifanya kuruka kwa msamba nikaunganisha na sarakasi ya nyuma bila kusimama, na kuunganisha kuna alama zake za ziada. D ikatoka ndogo, hawakuuhesabu muunganiko, walisema nilisita. Kocha wangu alikuwa anamfunga mwenzangu bandeji ya kifundo. Alipokuja kuangalia ubao anayefuata alishamaliza na alama yake imetoka. Tukaambiwa muda umepita. Nilikosa nafasi ya tatu kwa 0.05. Video ninayo mpaka leo, miguu yangu haisimami pale, inapita moja kwa moja. Nimeionyesha watu kumi na mbili, kumi wamesema nimeunganisha.

#24 Shuwari
Na wale wawili?

#25 Nyangumi Mdogo
Mmoja wao ni Jaji wa Mtaa, kanambia PM sasa hivi baada ya kumtumia 😅

#26 Jaji wa Mtaa
Dada yangu nakuheshimu lakini mikono yako ilishuka ikapanda tena kabla ya sarakasi. Mikono ikipiga mara mbili mwendo umekatika hata kama miguu haijasimama. Niliitazama kwa mwendo wa pole mara nne. Ila kwenye ukumbi, mara moja tu, bila video? Naamini na mimi ningekuhesabia.

#27 Nyangumi Mdogo
Sawa. Naenda kuiangalia mikono.

#28 Msasa Laini
Jamani nimerudi, nimesoma zote, asanteni sana. Sasa kwenye hiyo hiyo floo ya Paris nimeona Rebeca Andrade wa Brazil kachukua dhahabu 14.166 na Mmarekani Simone Biles 14.133. Nikaangalia video ya Biles anaruka mpaka nje ya mstari kabisa, miguu yote miwili, mara mbili. Hiyo ilimgharimu ngapi?

#29 Tai wa Mstari
Mguu mmoja nje 0.1, yote miwili 0.3. Mara mbili ni 0.6. Kwahiyo bila mistari angekuwa 14.733 na dhahabu ni yake kwa mbali sana. Na anatoka nje kwa sababu ana nguvu kupita kiwanja, floo ni mita 12 kwa 12.

#30 Kipepeo wa Jioni
Kwa hiyo hapo Andrade ndiye "aliyesimama" wa Msasa na Biles ndiye "aliyeanguka", na safari hii aliyesimama kashinda. Mbona hamshangilii?

#31 Msasa Laini
Nashangilia dada! Andrade anacheza floo unaona mtu anafurahia kuwa na mwili.

#32 Kauzu Mpole
Mkitaka dhuluma ya kweli tafuteni 2019. Biles kaleta staili mpya ya kushuka kwenye bimu, sarakasi mbili za nyuma na mizunguko miwili ya mwili ndani yake. Hakuna mwanamke aliyewahi. Kwenye kitabu herufi A ni 0.1, B 0.2 hivyo hivyo mpaka J 1.0. Wakampa H, 0.8. Kwenye floo alipopiga sarakasi mbili na mizunguko mitatu wakampa J. Kwanini kwenye mbao ya sentimita 10 anapunjwa? Kwa sababu anawazidi wote sana wakaona wamshushe.

#33 Jaji wa Mtaa
FIG walisema ni usalama, hawataki kuweka bei kubwa ikawavuta wasichana wasio na uwezo wake wakajiumiza. Mimi sehemu moja ya moyo inawaelewa. Kuna mruko wa volti wa Produnova, unasukuma mikono unapiga sarakasi mbili za mbele unatua bila kuona chini. Rio 2016 ulikuwa na D ya 7.0. Dipa Karmakar wa India aliufanya akashika nafasi ya nne na 15.066, shaba ilikuwa 15.216. Wengine waliokuwa wanaujaribu walikuwa wanatua kwa makalio, shingo inaning'inia hatarini, kwa sababu ya ile bei kubwa. Baadae wakaushusha bei na waliojaribu wakapungua. Bei inaongoza miili ya watu.

Na kabla ya hapo kuna Elena Mukhina, bingwa wa dunia 1978. Alikuwa analazimishwa kujifunza sarakasi ya Thomas kwenye floo, ile unamalizia kwa kubiringika, akiwa na mguu ambao haujapona vizuri. Julai 1980, wiki mbili kabla ya Moscow, alitua kwa kidevu akavunjika shingo. Hakutembea tena mpaka anafariki 2006. Staili hiyo sasa imepigwa marufuku.

#34 Kauzu Mpole
Hiyo ya Mukhina sikuijua. Dah.
Lakini bado, kama ni hatari pigeni marufuku. Ukiiruhusu mlipe anachostahili. Huwezi kumwambia mtu "ni hatari sana kwa hiyo tunakulipa kidogo".

#35 Nyangumi Mdogo
#34 hapa nipo na wewe mia kwa mia. Ile 0.8 haikumzuia mtu mwingine yeyote, maana hakuna mwingine aliyekuwa anaiweza. Ilimkata yeye tu.

#36 Mama Zuu
Mimi kama mama nipo na FIG. Walimu wa watoto wanakisoma hicho kitabu na wanahesabu. Mwanangu akija kuambiwa kuna staili ya 1.0 atataka kuifanya kesho.

#37 Shuwari
Si waweke kompyuta tu iamue yote? Nasikia kuna mashine.

#38 Nukta Tatu
Ipo, ya Fujitsu, ilianza kutumika mashindano ya dunia Stuttgart 2019, na Antwerp 2023 ilikuwa kwenye vifaa vyote. Inapima mwili kwa vipimo vya pande zote inajua digrii ngapi, inawasaidia majaji, haitoi alama yenyewe. Kwa penseli ya Mama Zuu ingefaa sana. Kwa "alisita au hakusita" ya Nyangumi sijui kama mashine itamaliza ugomvi, maana lazima mtu aiambie kusita ni nini.

#39 Kipepeo wa Jioni
Swali la kijinga: kwanini alama zinaishia .666 na .133 na .166, hazitulii kwenye namba moja?

#40 Nukta Tatu
Sio la kijinga. Kila jaji anaandika hatua za 0.1. Ukichukua watatu wa katikati ukagawanya kwa tatu, lazima tarakimu mbili za mwisho ziwe 33 au 66 au 00. Na wanakata tarakimu, hawakaribishi juu, ndio maana Chiles ni 13.666 na sio 13.667. Ukishajua hilo unaweza kusoma alama ukajua majaji walivyotofautiana.

Na hata hivyo watu wanafungana. Beijing 2008 fainali ya baa, He Kexin na Nastia Liukin wote 16.725, D wote 7.7, E wote 9.025. Ikaenda kwenye hesabu ndogo ya makato ya majaji, He akapata dhahabu. Tokyo kwenye floo Melnikova na Murakami walifungana 14.166 na wote wakavishwa shaba.

#41 Bingwa wa Zamani
Sasa hiyo ya Tokyo ndio nzuri. Watu wawili sawa, medali mbili.

#42 Tai wa Mstari
Mzee wetu Bingwa, mjukuu akikuuliza tena 14.1 ni nzuri, muonyeshe Kaylia Nemour wa Algeria, fainali ya baa Paris. 15.700. D 7.2, E 8.5. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Afrika nzima na ikawa dhahabu. Qiu Qiyuan wa China nyuma yake 15.500. Hapo hahitaji kujua kitabu, aangalie tu anavyoachia baa ya juu anavuka anaidaka na haigusi miguu mahali popote, kama mtu anayeogelea hewani.

#43 Bingwa wa Zamani
Tumeiangalia sasa hivi wawili. Mtoto kasema "babu huyu ni 10". Nimemwambia ni 15.7. Kasema "hapana, 10".

#44 Jaji wa Mtaa
E ni 8.5 mzee, kuna 1.5 imekatwa mle ndani 😀 ila muache mtoto.

#45 Nyangumi Mdogo
Nimerudi kutoka kwenye video yangu. Jaji, mikono inashuka. Haipandi tena, inaendelea nyuma. Nakutumia fremu kwa fremu, ni kuanzia sekunde ya 31, tazama kiwiko cha kushoto usitazame kiganja.

#46 Jaji wa Mtaa
Tuma.

#47 Msasa Laini
Na mimi nimerudi kwa yule dada wangu wa 13.5. Nimesimamisha pale anapoondoka kwenye meza. Mama Zuu, miguu imeachana. Kidogo, kama upana wa kiganja, lakini imeachana, na goti la kulia halijanyooka. Katua kama msumari kweli ila hewani... Nimeirudia na ya aliyeanguka, hewani mwili wake ni mshale mpaka dakika ya mwisho. Sijui niseme nini. Bado ningempa yule aliyesimama.

#48 Kauzu Mpole
Ungempa ngapi?

#49 Msasa Laini
Ngoja niiangalie tena.